Bramwel Msugua Mifereji

Simu ilipolia mara ya kwanza, Nakhumicha aliona jina la kaka yake Bramwel kwenye kioo, akaiacha ilie. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Wateja walikuwa wamekizunguka kibanda chake cha mboga pale soko la Kangemi, na kisu kilikuwa katikati ya fungu la sukuma wiki. Ilipolia mara ya pili akasonya. Mara ya tatu akaipokea kwa mkono uliolowa maji ya mboga, akasema bila salamu, "Bramu, niko na watu."

"Mimi si Bramwel," sauti ya mwanamume ikajibu. "Ninaitwa Kisilu. Mimi ndiye keateka, mtunzaji wa hili jumba anafanyia kazi huku Muthangari. Wewe ni dada yake?"

"Ni mimi. Amefanya nini?"

"Ameanguka bafuni, dada. Tulimbeba na gari ya mpangaji mpaka hospitali. Wamesema tumechelewa. Wanasema ni presha. Pole, dada. Pole sana."

Wazo la kwanza lililomjia Nakhumicha halikuwa machozi. Lilikuwa kinyaa. Bafuni kwa watu, aliwaza. Amekufa shavu likiwa kwenye vigae ambavyo watu wanakojolea. Ndipo kisu kikamponyoka, na mteja mmoja akamshika bega, na kilio kikaja. Lakini lile wazo lilikuwa limetangulia, na Mungu alikuwa ameliona. Kwa siku nyingi baadaye, kila alipopiga magoti kuomba, alilikuta limekaa pale pale likimngoja.

Bramwel alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuja Nairobi akiwa kijana, akabeba mawe na saruji kwenye mijengo ya Westlands hadi goti lilipomvunjika. Goti lilipopona vibaya, fundi mmoja alimwonea huruma akampa kazi ya kubandua saruji iliyodondokea vigae kabla wenyewe hawajahamia. Hapo ndipo alipogundua kwamba ana mkono wa kazi hiyo. Kutoka kwenye saruji akaingia kwenye madoa ya maji.

Majumba mengi ya upande ule hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa uani. Maji hayo ni magumu. Sabuni haitoi povu, chai huwa na utando juu, na kila tone linalokaukia kwenye chuma huacha doa jeupe. Tone juu ya tone, mwaka juu ya mwaka, doa huwa ukoko. Ukoko hula mng'ao wa mfereji, huziba matundu ya shawa, hutambaa ndani ya choo na kugeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Bramwel alikuwa akiuondoa huo. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na minane, nyumba hadi nyumba, kwa siki na ndimu na miswaki mikuukuu.

Mke aliyemwoa alikaa naye miaka mitatu akarudi kwao, hawakuwa na mtoto. Siku za Jumapili, baada ya ibada, Bramwel alikuwa akipita kwa Nakhumicha kula. Aliingia na harufu yake: siki iliyochacha, na chini yake kitu kama choo cha stendi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vyenye mikunjo kama vya maiti aliyekaa majini. Alipenda kueleza. Alikuwa anaweza kuinua kijiko cha mchuzi na kusema, "Leo nimetoa gamba kwenye shawa, Nakhu, kubwa kama kidole hiki, na ndani yake kulikuwa na nywele." Nakhumicha alikuwa anaacha kula. Alimtengea kikombe chake, cha bati la kijani, akakiweka peke yake kwenye rafu ya chini karibu na makaa. Bramwel alikijua kikombe hicho. Alikuwa akikichukua mwenyewe bila kuambiwa.

Siku iliyofuata kifo, kaka yao mkubwa Nashon aliitisha kikao. Nashon ni karani katika ofisi moja katikati ya jiji, mzee wa kanisa, mtu wa tai na viatu vinavyolia kwaju kwaju. Binti yake alikuwa ameposwa, na watu waliomposa walikuwa wametangaza kwamba watahudhuria mazishi nyumbani Chwele.

"Nitaandika wasifu mimi," Nashon alisema. "Nakhumicha atausoma, kwa sababu alimaliza kidato cha nne na ana sauti. Kazi ya Bramwel tutaandika: Meneja wa Usafi, katika hoteli moja ya kifahari."

"Hoteli gani?" Nakhumicha akauliza.

"Hoteli moja ya kifahari. Nani atauliza jina?"

Nakhumicha hakubisha. Kwa kweli, alishusha pumzi. Hakuwa na hamu ya kusimama mbele ya kijiji kizima na kutamka neno choo.

Alhamisi Kisilu alipiga tena. Vitu vya Bramwel vilikuwa bado juu, orofa ya nne. Mwenye nyumba alikuwa safarini, angerudi jioni hiyo.

Nakhumicha alienda. Kisilu alikuwa Mkamba mfupi, mcheshi hata penye msiba. Alimpandisha ngazi akimsifu marehemu njia nzima, akafungua mlango wa bafu, akajitoa pembeni kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima.

Harufu ilimpiga usoni. Bramwel alikuwa amefunga vitambaa vya siki kwenye mifereji yote, akivikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na vitambaa hivyo vilikuwa vimekaa pale tangu Jumanne. Vilikuwa vimekauka vikashikana na ukoko kama bandeji kwenye kidonda. Kichwa cha shawa alikuwa amekivisha pakiti ya maziwa iliyojaa siki. Pakiti haikuwa imeoshwa vizuri. Ilining'inia kama kiwele cha ng'ombe mgonjwa, na vibonge vya maziwa yaliyoganda vilikuwa vikielea ndani. Nzi wawili walikuwa wamezama. Chini, penye tundu la kupitishia maji, kulikuwa na utelezi wa rangi ya waridi, na ndani ya utelezi kulikuwa na shada la nywele za mtu asiyemjua. Choo alikiangalia mara moja tu. Ulikuwepo mduara wa kahawia pale maji yanapoishia, mnene, wenye ncha ncha.

"Yesu," akasema, akajiziba kwa leso.

"Hapo ndio bado," Kisilu alisema. "Sinki alikuwa amemaliza. Angalia sinki, dada. Unaweza kunyoa ndevu ukijiangalia kwa huo mfereji."

"Siangalii kitu. Nipe ndoo nitoe hivi vitu vyake."

"Na hivi vingine vibaki hivi hivi? Mtu anakufa lakini kazi isikufe ikining'inia." Kisilu alikuna kichwa. "Madam atapata hii pakiti, aseme ndugu yetu alikuwa mchafu. Mimi ningefanya, lakini gari ya maji iko kwa geti."

Ni neno lile, mchafu, lililomfanya Nakhumicha akunje mikono ya gauni. Hakufanya kwa upendo. Alitaka tu uchafu ule uliobeba jina la familia yao utoweke kabla mtu mwingine hajauona. Kisilu alimwachia glovu za marehemu, akashuka. Ndani ya glovu kulikuwa na unyevu baridi, na alipoingiza vidole, alihisi kama ameshikwa mkono. Akazivua akazitupa, akatapika kwenye kile choo chenye mduara, kisha akacheka kidogo kwa hasira, maana sasa alikuwa ameongeza.

Alipofungua pakiti, siki na maziwa na nzi vilimwagika hadi kwenye kwapa. Alilia kwa kichefuchefu, si kwa msiba. Lakini kichwa cha shawa kilipotokea, kilikuwa cheupe pepepe kama uji mzito, na aliposugua kwa mswaki, ukoko ukatoka kwa vipande, matundu yakafunguka moja baada ya jingine. Alibandua vitambaa. Chini ya kila kitambaa jiwe lilikuwa limegeuka tope. Alikivua kinyaa chake kidogo kidogo, bila kukitaka, jinsi mtu anavyozoea maji baridi. Alipofika chooni aliomba kwa sauti, "Bwana, nipe tumbo la kustahimili," akaingiza mkono.

Ulibaki mfereji wa kuogea, ule wa chini. Hapo Bramwel hakuwa amefunga kitambaa vizuri, na ukoko ulikuwa bado mgumu. Mswaki haukufua dafu. Nakhumicha ni mwanamke wa kwao. Amelelewa kujua kwamba sufuria za mke mwema hung'aa nyuma kama mbele, na kwamba hakuna kitu cha chuma kinachoishinda waya. Alienda jikoni kwa mwenye nyumba, akapata waya ya kusugulia sufuria, akarudi, akasugua kwa nguvu zake zote kama anayesugua masizi ya mwaka mzima.

Ukoko ulitoka. Alipomwagia maji akaona. Mgongo wote wa mfereji ulikuwa umechorwa mikwaruzo, mingi, ya mviringo, kama kucha za paka. Akafuta kwa gauni. Mikwaruzo ikazidi kuonekana.

Ndipo mlango wa nje ukafunguka. Mwenye nyumba, Bi Nyawira, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliingia na begi lake. Kisilu alikuwa amemweleza yote getini. Bi Nyawira alimshika Nakhumicha mkono ule ule wenye harufu, hakuukwepa.

"Pole sana, mama. Ulikuja kumalizia kazi yake? Aki, hukufaa kujisumbua."

Akaangalia shawa. Akaangalia choo, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye mfereji wa chini.

"Huu ni nini? Nani ameukwaruza?"

Nakhumicha alisikia mdomo wake ukijibu kabla yeye hajaamua. "Ni marehemu, madam. Nimeukuta hivyo."

"Bramwel?"

"Ndiyo. Labda alikuwa tayari anajisikia vibaya."

Bi Nyawira alivua miwani. "Mama, huyo mtu amekuja hapa miaka sita. Siku moja alinikuta nimeshika waya karibu na mfereji huu, akanifokea kama mtoto wake. Mimi! Katika nyumba yangu! 'Madam, hiyo ni ya sufuria, weka chini.' Alinifundisha kufunga kitambaa na kungoja. Alikuwa akimaliza ananiita, ananishika mkono, ananipitisha vidole kwenye chuma nikiwa nimefumba macho. Anasema, 'Ukisikia kitu, silipwi.'" Akavaa miwani. "Si yeye aliyefanya hivi."

Waya ilikuwa bado mkononi mwa Nakhumicha, nyuma ya mgongo. Aliitoa akaiweka kwenye ukingo wa sinki.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa nataka kumaliza niondoke."

"Mfereji utanunuliwa mwingine," Bi Nyawira alijibu, na sauti yake haikuwa na joto. "Lakini maiti hana mdomo, mama. Ukimwekea lako, ataenda nalo."

Nakhumicha alishuka ngazi zile na ndoo ya vitambaa. Alikuwa amefika Kangemi, ameoga mara mbili, amejipaka mafuta ya nazi, na bado alijinusa. Haikuwa siki. Mtu asiye ndugu, Mkikuyu wa Muthangari, alimjua kaka yake hata kwa kidole. Na yeye, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa amemsingizia ili asifokewe kwa dakika mbili. Usiku ule aliomba toba kwa muda mrefu, na alipomaliza aliona wazi kwamba toba hiyo ina mlango mmoja tu. Ule wasifu haungeweza kusomwa ulivyo.

Jumanne iliyofuata alikutana na Nashon River Road, orofa ya pili, kwenye chumba cha uchapishaji kilichojaa joto la mashine na harufu ya wino na mihogo ya kukaanga. Msichana aliyeitwa Maurine alikuwa kwenye kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa Bramwel uliotolewa kwenye picha ya kitambulisho.

"Tumvalishe suti gani?" Maurine aliuliza, akibofya. "Niko na ya bluu, niko na nyeusi. Hii ya kijivu inapendwa na wakubwa."

"Ya kijivu," Nashon akasema. "Na tai nyekundu."

Kichwa cha Bramwel kikashushwa juu ya mabega ya mtu mwingine, mtu mnene, mwenye shingo nene. Maurine akaminya hapa na pale ili shingo zikutane. Akaing'arisha ngozi hadi ikawa kama ya sanamu. Nakhumicha aligonga kioo kwa kidole.

"Mvue hiyo," alisema. "Bramu hajavaa suti siku hata moja."

"Atavaa leo," Nashon akajibu.

"Na hiyo ya hoteli ifute. Andika alikuwa akitoa madoa ya maji bafuni na chooni, katika nyumba za watu, kwa miaka kumi na minane. Andika alijua kazi yake."

Maurine aliacha kubofya. Nashon alimvuta dada yake hadi ngazini.

"Una wazimu? Wale watu watakuwa wameketi mstari wa mbele. Unataka wasikie kwamba mwanamume aliyepakwa tope la mtoni, akasimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa, alikufa akisugua choo?"

"Alikufa akisugua choo, Nashon."

"Na wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe uliyemwekea kikombe chini na makaa?" Alicheka bila furaha. "Tangu lini umempenda hivyo? Tangu jana?"

Nakhumicha alisimama pale ngazini, wabeba mizigo wakimpita na marobota ya karatasi, na kila mmoja akimwambia, "Mathe, nipe njia." Nashon alirudi ndani. Nakala mia mbili za wasifu zilichapwa, na suti ya kijivu, na tai nyekundu, na hoteli ya kifahari.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, nyumbani Chwele. Jeneza liliwekwa mbele ya nyumba ya mama yao, chini ya hema, likafunguliwa watu wapite. Wahudumu wa mochari walikuwa wamempaka poda usoni, nyingi, ya rangi isiyo yake, na midomo ikawa na wekundu. Vijana walipita wakipiga picha kwa simu. Harufu ya dawa ilichanganyika na ya pilau iliyokuwa ikipikwa nyuma, na Nakhumicha alipopita aliangalia mikono peke yake. Ile hawakuipaka kitu. Ilikuwa myeupe, yenye mikunjo, kama ilivyokuwa kila Jumapili.

Mwongozaji alimwita jina. Akasimama, kipaza sauti mkononi, akafungua ile karatasi. Alisoma tarehe ya kuzaliwa. Alisoma shule ya msingi. Alisoma jina la mke aliyeondoka, na watu wakatazama chini. Kisha akafika kwenye mstari wa hoteli, akaishusha karatasi.

"Hapa pameandikwa kwamba alikuwa meneja katika hoteli," alisema. "Si kweli. Bramwel alikuwa akisafisha bafu na vyoo vya watu kule Nairobi. Alikuwa akitoa ukoko wa maji kwenye mifereji. Ni kazi inayonuka. Nimeifanya siku moja nikatapika."

Minong'ono ikaanza. Nashon akainuka kwenye kiti chake.

"Wacha amalize!" ilikuwa Senge Namalwa, shangazi yao mzee, kwenye mkeka wa kina mama. "Keti, Nashon! Ulikuwa wapi akisugua?"

"Nilikuwa nikimwonea kinyaa," Nakhumicha aliendelea. "Nilimtengea kikombe chake. Na alipokufa, niliharibu mfereji wa mtu nikasema ni yeye. Yule mtu alikataa. Alisema mkono wa Bramwel anaujua, hauachi mkwaruzo. Nimesimama hapa kuomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yenu. Alikuwa fundi. Hakuna hoteli."

Mzee mmoja kati ya wale waliomposa binti ya Nashon alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Mwingine alikuwa akitazama viatu vyake. Nashon alikuja, akachukua kipaza sauti mkononi mwa dada yake bila kumtazama, akampa mchungaji. Hawakusemezana tena siku hiyo.

Mchungaji aliomba kwa ufupi kuliko ilivyokuwa imepangwa. Jeneza likafungwa. Wanaume sita wa rika la Bramwel, waliotahiriwa naye mwaka mmoja, walilibeba hadi kaburini, kando ya kaburi la baba yao. Walilishusha kwa kamba, wakazivuta kamba. Nashon alitupa udongo kwanza, halafu Nakhumicha, halafu Senge Namalwa aliyeshikwa mkono ili asiteleze. Kina mama waliimba. Wale wa rika lake walichukua majembe na kufukia wenyewe, wakakataa kupokewa, mpaka tuta likasimama. Msalaba wa mbao ukachomekwa. Ulikuwa na jina lake na miaka miwili, ule wa kuzaliwa na ule wa kufa. Mchungaji alisema neema, watu wakaitikia amina, ikawa saa tisa alasiri.